Wavu na Kichuguu: Maji ya Kunywa kutoka Hamburg hadi Rumonge

Asubuhi na mapema, kabla upepo wa ziwani haujaamka, maji ya Rumonge huonyesha kila kilichomo. Unaona mchanga wa chini, unaona kokoto moja moja, unaona vijisamaki vya rangi vikiingia na kutoka kwenye nyufa za miamba. Mitumbwi ya ndagala, dagaa wa huku, imekwisha kurudi, taa zimezimwa, wanawake wanaanika mavuno ya usiku, na watoto wanashuka na bidoni za njano. Anayeteka yuko hatua chache tu kutoka kwa anayeoga, na anayeoga yuko hatua chache kutoka kwa anayefua. Wote ziwa limewapokea.

Na ziwa hilo, Tanganyika, ni la kustaajabisha. Urefu wake ni karibu kilomita 670, kina chake kinafika mita 1,470, na ukiacha barafu, takriban sehemu moja kwa sita ya maji yote baridi yaliyo juu ya ardhi imo ndani yake. Rumonge, mji wa Burundi wa mawese na samaki ulio kiasi cha kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, hauna sababu ya kulia kiu. Kilio chake ni kingine kabisa. Kule Ziwa Victoria matope na mwani humwonya mtu kabla hajainamisha ndoo. Tanganyika halionyi. Mtu anatazama maji, anaona hadi chini, anaamini macho yake, anakunywa.

Mwaka 1992 imani hiyo iligharimu watu wengi. Kati ya Januari na Mei kipindupindu kilipita Burundi kwa njia yake ya pekee: hakikupanda milimani. Kilishika mto Rusizi, kikashika ukingo wa ziwa, kikasogea mji kwa mji kama msafiri asiyetaka kuyaacha maji. Ndivyo kilivyofanya pia mwaka 1978, kilipoingia nchini mara ya kwanza kikiwa katika wimbi la saba la dunia, lile lililoanzia Indonesia mwaka 1961 na kufika Afrika mwaka 1970. Afrika Mashariki ilikuwa inaujua ugonjwa huu tangu zaidi ya karne moja nyuma. Daktari James Christie, aliyetibu watu Zanzibar, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya namna ulivyosafiri na misafara ya bara hadi ukaifagia Zanzibar mnamo 1869 na 1870. Lakini kujua kwamba ugonjwa unasafiri ni jambo moja. Kujua unaingilia mlango gani katika mji fulani ni jambo jingine.

Rumonge ndiko mlango huo ulikotafutwa. Katika Aprili na Mei 1992 wagonjwa zaidi ya 300 walilazwa mjini humo. Wataalamu wa Burundi na wenzao wa Marekani walifanya kazi ambayo kwa mtazamaji ingeonekana ndogo: walikaa na waliougua, wakakaa na majirani zao ambao hawakuugua, wakawauliza maswali yale yale. Ulikula nini? Ulinunua wapi? Ulikunywa maji gani? Ulioga wapi? Majibu yalipolinganishwa, chakula kilitoka katika mashaka. Vilivyobaki ni viwili, kunywa maji ya ziwa na kuoga ziwani. Na maji ya ziwa yalipopelekwa maabara, kimelea wa kipindupindu, Vibrio cholerae, akaonekana humo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997 katika jarida la Lancet, na tangu hapo jina la Rumonge limo katika maandishi ambayo mtafiti yeyote wa kipindupindu cha Maziwa Makuu hana budi kuyasoma.

Hilo la kuoga linanigusa zaidi. Kunywa mtu anaweza kukatazwa, akaelewa. Lakini kuoga ziwani, kupiga mbizi, kusukutua, kumwosha mtoto kichwa huku akicheka na maji yakimwingia kinywani, hayo ndiyo maisha ya ufukoni. Uchunguzi wa 1992 ulionyesha kwamba bilauri haikuwa njia pekee ya hatari.

Sasa tuhesabu miaka mia moja kurudi nyuma. Agosti 1892, Hamburg, bandari kubwa ya Ujerumani, ilipigwa na kipindupindu. Watu zaidi ya 8,000 walikufa katika wiki chache. Hamburg ilikuwa ikichota maji ya mto Elbe na kuyasukuma nyumbani kwa watu bila kuyachuja. Altona, mji uliopakana nayo kiasi kwamba mtaa mmoja ungeweza kuwa na upande wa Hamburg na upande wa Altona, ulikuwa ukinywa maji ya Elbe hiyo hiyo, tena kutoka chini zaidi, mahali ambapo mto ulikwisha kupokea uchafu wa miji yote miwili. Ila Altona ilikuwa ikiyapitisha kwanza katika matabaka ya mchanga. Ugonjwa ulipofika mpakani, ukasimama. Robert Koch, aliyekwisha kumtambulisha kimelea huyo kwa ulimwengu mwaka 1884, alionyesha kwamba hata nyumba zilizokuwa ndani ya mpaka wa Hamburg, lakini zikipata maji kutoka Altona, zilinusurika.

Mto ule ule, hewa ile ile, watu wale wale. Tofauti ilikuwa mchanga. Baada ya hapo hakukuwa na hoja ya kukataa kuchuja. Swali likawa kitu gani kinachuja vizuri kuliko mchanga, na hasa kinachujaje.

Mtu wa kwanza wa kumtaja hapa ni Richard Zsigmondy, mzaliwa wa Vienna, aliyefundisha Göttingen. Mwaka 1902, pamoja na Henry Siedentopf, alibuni hadubini iliyoweza kuonyesha chembe ndogo kuliko zile ambazo hadubini za kawaida zilionyesha. Kazi hiyo ya kuchunguza chembe zilizoelea majini ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1925. Katikati ya kazi hiyo alihitaji kuzitenga chembe zake kwa ukubwa, na mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia akawa amekwisha kutengeneza utando mwembamba wa selulosi wenye vitundu vidogo kuliko bakteria. Kufikia mwaka 1927 utando huo ulikuwa ukiuzwa kutoka Göttingen. Aliyetaka kuona ndiye aliyelazimika kuchuja. Jozi hiyo, jicho na chujio, haijaachana mpaka leo.

Vita vya Pili vilipoiacha Hamburg magofu, mabomba yamepasuka na maji machafu yamechanganyika na masafi, mwanamke mmoja aitwaye Gertrud Müller aliuchukua utando wa Zsigmondy akaufanyia kazi mpya. Alipitisha maji ya mji ndani yake, bakteria wakabaki juu, akawaotesha pale pale, akawahesabu. Mbinu hiyo aliyoichapisha mwaka 1947 ilienea duniani kote, na hadi sasa maabara nyingi zinazopima maji ya kunywa, zikiwemo za Afrika Mashariki, hutumia kijiduara cheupe cha utando ambacho asili yake ni ile.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapoelewa vibaya. Mtu wa ziwani akiambiwa kuna utando wenye vitundu unaozuia vimelea, huwaza wavu. Ni haki yake. Anajua nyavu. Anajua wavu wa ndagala una macho madogo kuliko wa mukeke na sangala, anajua jicho likiwa kubwa dagaa wanapita, likiwa dogo mno unavuna hata watoto wa samaki na kesho huna cha kuvua. Basi utando ni wavu wenye macho madogo zaidi, yamekwisha. Wanasayansi wenyewe waliwaza hivyo kwa muda mrefu, wakawa wanapima jicho na kutangaza namba moja.

Lakini utando wa polima si wavu. Wavu hauna ndani. Una mbele na nyuma tu, na jicho ni jicho. Utando una kina. Unene wake waweza kuwa kama wa unywele wa mtu, na kwa kitundu cha nanomita 20, yaani sehemu moja kwa elfu hamsini ya milimita, unene huo ni safari ya maelfu ya hatua. Mfano wake wa kweli ni kichuguu. Ukikitazama kwa nje unaona matundu. Huwezi kujua tundu hili linakutana na lile, au linaishia ukutani, au linazunguka mara tatu kabla ya kufika chumba cha chini. Maji yanayopita katika utando ni kama mchwa: yanafuata njia zilizomo, si matundu yanayoonekana juu.

Waliogundua hilo kwa kuduwaa ni Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwishoni mwa miaka ya 1950. Walikuwa wakitafuta utando wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Walimimina myeyusho wa polima juu ya kioo, wakautumbukiza majini; maji yakaingia, kiyeyushi kikatoka, polima ikaganda ghafla na kuacha mapengo. Utando waliopata ulipitisha maji mengi kuliko wowote uliotangulia, ila kwa sharti moja: uwekwe upande sahihi. Ukigeuzwa, haukufanya kazi. Kumbe ulikuwa na uso na mgongo. Mwaka 1964 hadubini ya elektroni ikaonyesha sababu: juu kulikuwa na ngozi nyembamba sana iliyoshikamana, na chini yake sifongo nene lenye kazi ya kuibeba tu.

Tangu hapo wote wakajua siri imo ndani, wala si usoni. Tatizo likawa kuona ndani. Hadubini ya elektroni inayopapasa uso wa kitu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1965 baada ya kazi ndefu ya Charles Oatley na wanafunzi wake huko Cambridge, ilitoa picha nzuri ajabu za matundu ya kichuguu, lakini kwa nje. Ukitaka kuona ndani uliugandisha utando kwa baridi kali, ukauvunja, ukatazama ulipovunjikia. Ilikuwa kama kukata andazi mara moja, ukatangaza kwamba umelijua lote.

Njia ya kutoka hapo ilipitia Afrika, na nashangaa jinsi tunavyoisahau. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town alifundisha fizikia Reginald James, Mwingereza ambaye ujanani alikuwa mwanafizikia wa safari ya Shackleton, meli yao Endurance ilipopondwa na barafu ya kusini mwaka 1915. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwemo vijana wawili. Wa kwanza, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa mwaka 1956 akisaidia siku chache kwa wiki katika hospitali ya Groote Schuur kusimamia kazi za mionzi. Aliona kwamba madaktari wanatazama mwili kama kivuli ukutani, kiungo kimoja kikiwa juu ya kingine, akajiuliza: nikipiga eksirei kutoka pande nyingi, siwezi kwa hesabu kuijenga upya sura ya ndani? Aliweza. Makala zake za 1963 na 1964 hazikumshtua karibu mtu yeyote, mpaka Godfrey Hounsfield huko Uingereza, kwa njia yake mwenyewe, alipotengeneza mashine ambayo leo hospitali zetu huiita siti skani. Wakapewa Nobel pamoja mwaka 1979.

Wa pili ni Aaron Klug, aliyezaliwa Lithuania, akaletwa Durban akiwa mtoto mdogo. Akiwa Cambridge, mwaka 1968 yeye na David DeRosier walichukua picha ya hadubini ya elektroni ya mkia wa kirusi kinachoshambulia bakteria, wakaigeuza kwa hesabu kuwa umbo lenye pande zote tatu. Nobel yake ilikuja mwaka 1982. Mwalimu mmoja wa Cape Town, wanafunzi wawili, na dunia ikajifunza kuona ndani ya kitu pasipo kukibomoa.

Sehemu iliyobaki ilitoka kwa watafiti wa ubongo. Mwaka 2004 Winfried Denk na Heinz Horstmann, huko Heidelberg, waliweka kisu cha almasi ndani ya chumba cha hadubini ya elektroni. Kisu kinaparuza uso wa tishu, hadubini inapiga picha, kisu kinaparuza tena. Mamia ya picha, zikipangwa, zinakuwa bonge zima la ubongo. Kuna pia njia ya pili ambayo hukata kwa mwale wa ioni za galiamu, vipande vyembamba hata nanomita 10. Haikuchukua muda watu wa maji wakaona kwamba kisu hicho kinakifaa kichuguu chao pia.

Mwaka 2016 kikundi cha Chuo Kikuu cha Mfalme Abdullah, kilichoko Thuwal katika mwambao wa Bahari ya Shamu, akiwemo mkemia Suzana Nunes, kilichapisha picha za namna hiyo za utando wa polima wa kuchuja maji, kwa njia zote mbili, kisu na ioni. Kompyuta ilitenganisha polima na pengo, kipande kwa kipande, kisha ikajenga utando ambao mtu anaweza kuuzungusha na kuuingia. Sasa maswali yaliyokuwa ya kubuni yakawa ya kupima. Sehemu gani ya utando ni pengo? Njia ngapi zinafika upande wa pili, na ngapi zinakufa katikati? Maji yanazunguka kiasi gani kabla ya kutoka? Mahali pembamba kuliko pote pako wapi? Hili la mwisho ndilo linaloamua kama kimelea anapita, kwa kuwa hata handaki refu halizuii kitu isipokuwa pale lilipobana.

Miaka mitano baadaye, Januari 2021, jarida la Science lilitoa kazi ya kikundi cha Enrique Gomez na Manish Kumar, wa vyuo vikuu vya Penn State na Texas, juu ya utando wa kuondoa chumvi. Wengi walikuwa wanaamini kwamba utando mwembamba zaidi ndio unaopitisha maji kwa urahisi zaidi. Picha za pande tatu zilisema vingine: kilichokuwa na uzito zaidi ni usawa wa msongamano wa polima ndani. Utando mnene kidogo lakini ulioshikamana kwa usawa uliushinda ule mwembamba wenye mabonge. Macho yaliyofungwa kwa miaka hamsini yalikuwa yakipima kitu kisicho na uzito.

Nayaheshimu mafanikio haya, na bado nasema waziwazi: picha nyingi za namna hiyo zimepigwa kwa ajili ya viwanda vya kusafisha maji ya bahari, vyenye pampu za nguvu na umeme usiokatika. Ufuko wa Rumonge hauna chumvi ya kuondoa. Una kimelea mwenye upana wa nusu mikromita, mara 25 ya kitundu cha nanomita 20, na una virusi ambao ni wadogo zaidi lakini wengi wao hawapiti humo pia. Utando unaohitajika hapa ni wa shinikizo dogo, na swali lake si la chumvi. Swali lake ni utaishi siku ngapi kabla haujaziba.

Ukitaka ushahidi kwamba hata kina cha kitambaa kina kazi, nenda Bangladesh. Rita Colwell na Anwar Huq, pamoja na wenzao, walijua kwamba kimelea cha kipindupindu hupenda kung'ang'ania vijidudu vya majini, vile visivyofikia nusu punje ya mchele. Wakawafundisha wanawake wa Matlab kukunja sari kuukuu mara nne au zaidi na kuchujia maji ya kunywa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kimepungua kwa asilimia 48. Sari kuukuu ilishinda mpya kwa sababu nyuzi zake zilikwisha kuchakaa na kufumuka, zikajaza mapengo. Mwanamke wa Rumonge angetumia kitenge. Hakifikii utando, na mtu asiache kuchemsha kwa sababu yake. Lakini kanuni ni ile ile, tabaka juu ya tabaka, njia inayopinda.

Je, kwa nini isitoshe klorini? Inatosha mahali pengi, na Bujumbura inakunywa maji ya ziwa hili baada ya Regideso, shirika la maji la nchi, kuyasafisha. Ila Tanganyika lina tabia yake: maji yake yana magadi, na juu karibu na uso pH yake inakaribia 9. Kadiri pH inavyopanda, ndivyo klorini inavyogeuka kuwa ya aina iliyo dhaifu kwa kuua. Inabidi kuongeza kipimo, au kungoja zaidi, na mtoto mwenye kiu hangoji. Utando haujali pH hiyo.

Ufuko huu ulikumbushwa hayo kwa ukatili Mei 2015. Machafuko ya Burundi yaliwatoa makumi ya maelfu ya watu, wengi kutoka Makamba, wakavuka hadi Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya milima na ziwa, kusini kidogo tu ya mpaka. Hapakuwa na barabara ya gari ya maana kutoka hapo. Njia ilikuwa maji. Watu walilala mchangani, wakajisaidia walipoweza, wakanywa ziwa lililokuwa mbele yao. Kipindupindu kikaingia. Kabla mwezi haujaisha Umoja wa Mataifa ulihesabu wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31. Iliyowatoa ni MV Liemba, ikiwapeleka Kigoma kwa mamia kila safari. Meli hiyo ilijengwa Papenburg mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa masandukuni na kusafirishwa kupitia Hamburg, mji ambao miaka 20 tu nyuma ulikuwa ukizika wafu wake wa kipindupindu.

Kuna waliodhani ziwa lenyewe ndilo shina la ugonjwa. Daktari Didier Bompangue wa Kongo na wenzake walionyesha jinsi miji ya maziwa, Uvira na Kalemie ikiwemo, inavyoshikwa mara kwa mara, kisha ugonjwa ukatoka humo kwenda kwingine. Mwaka 2017 uchambuzi wa vinasaba ukaongeza habari: aina zilizosumbua Afrika tangu 1970 zililetwa kutoka Asia angalau mara 11. Kwa hiyo mgeni huletwa na watu, ziwa humkaribisha, na msongamano usio na choo wala bomba humpa makazi. Maji yalipopanda mwaka 2024 kufikia viwango ambavyo wazee waliviona mara ya mwisho miaka ya 1960, yaliingia majumbani na vyooni kandokando ya ziwa, Rumonge ikiwemo, na makazi hayo yakapanuka.

Ng'ambo ya pili, Uvira, watafiti walipanga pamoja daftari la bomba na daftari la wagonjwa wa miaka kadhaa. Kazi yao ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba siku moja bila maji ya bomba ilifuatwa, katika siku 12 zilizofuata, na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu, ukilinganisha na siku ya maji ya kutosha. Siku moja tu. Bomba likikauka, watu wanarudi ziwani, ziwa liko pale pale, jeupe kama kawaida.

Ndiyo maana kazi inayonipa matumaini zaidi ni ya kimyakimya, ya taasisi ya maji ya Uswisi, Eawag, iliyoko Dübendorf. Maryna Peter na wenzake walijaribu jambo ambalo wahandisi hulikwepa: waliuacha utando uchafuke. Hawakuusafisha, hawakuupigia pampu, waliweka tu maji juu yake, kimo cha nusu mita au zaidi kidogo. Utelezi ukaota juu ya utando, na kila mtu alitarajia uzibe kabisa. Haukuziba. Mtiririko ulishuka, kisha ukatulia, ukaendelea kwa miezi.

Sababu ilionekana walipotumia tomografia ya mwanga, ile ile ambayo madaktari wa macho hutumia kutazama nyuma ya jicho bila kugusa. Katika picha hizo za pande tatu, zilizochapishwa mwaka 2012, utelezi haukuwa blanketi. Ulikuwa na milima, mabonde na mapango. Vijidudu vilivyomo, na minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, vilikuwa vikila bakteria na kuchimba njia. Palipokuwa na walaji hao, maji yalipita kwa wingi zaidi. Walipoondolewa, utelezi ulilala bapa na kubana. Kichuguu juu ya kichuguu, na mchwa wa kweli wakiwemo kazini. Teknolojia hiyo ilipelekwa katika shule za ufukoni mwa Ziwa Victoria, mashariki ya Uganda, zinazochota maji ya ziwa na kuyachuja kwa uzito wa maji yenyewe.

Mita moja ya mraba ya utando wa namna hiyo, ukiwa umetulia, hutoa lita 4 hadi 10 kwa saa. Tuchukue 5. Utando wenye eneo la nusu mita ya mraba, chini kidogo ya theluthi ya kanga moja, ukiachwa usiku na mchana chini ya ndoo iliyotundikwa kimo cha kiuno, unatoa lita 60 kwa siku: bidoni tatu, za maji yale yale ya Rumonge, meupe kama yalivyotekwa.